Kuchoma Uso kwa Ajili ya Kuficha Uzee

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyemuumba mwanadamu akamvusha kutoka utotoni hata ujanani, na kutoka ujanani hata uzeeni. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ama baada ya hayo, ndugu zetu, limeletwa suali katika darasa letu hapa Kitui kutoka kwa mama mmoja wa makamo. Auliza: Je, yajuzu auze ng'ombe wake wawili, ende Nairobi akachomwe uso kwa leza ili makunyanzi yamwondoke? Na ameongeza neno ambalo ndilo lililotushikisha kalamu: kwamba mumewe humfanyia mzaha mbele ya watoto kwa ajili ya uso wake, na amekwisha kutaja habari za mke mwengine.

Yapasa kwanza tulijue jambo lenyewe, kwani kuhukumu kabla ya kujua ni ujinga. Leza itumiwayo sana kwa kazi hii ni ile ya hewa ya kaboni, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1964. Mwanga wake hunyonywa na maji yaliyomo ndani ya ngozi, na ngozi ya juu hupata moto ikageuka mvuke. Kisha mwili huotesha ngozi mpya, na nyuzi zilizo chini yake hukaza. Tangu mwaka 2004 pametokea njia ya kuchoma vitone vidogo vidogo na kuiacha ngozi nzima baina yake, ili kidonda kipone upesi. Hatusemi kuwa ni uwongo. Makunyanzi hupungua kweli.

Lakini ngozi zetu si za wale ambao kazi hii ilianza kwao. Ngozi nyeusi ikiumizwa huweza kutoa rangi kupita kiasi, na mtu akakaa miezi mingi na mabaka meusi usoni. Wengine hupotewa na rangi wakabaki na madoa meupe, na wengine huota makovu yanayofura. Tena mgonjwa huamrishwa ajiepushe na jua kwa wiki nyingi. Nasi twauliza: ajiepushe vipi mtu wa Kitui? Ni nani atakayempalilia ndengu zake? Ni nani atakayemchimbia maji katika mchanga wa mto uliokauka? Jua lile lile lililomkunja uso ndilo litakaloukuta uso huo ungali mbichi. Na akiwa na jeraha lililopakwa dawa, maji ya udhu hayaifikii ngozi; basi ameingia katika hukumu za mwenye jeraha, na jeraha lenyewe amelinunua kwa fedha.

Ama sheria, imepambanua baina ya kutibu na kugeuza. Sahaba Arfaja alipoteza pua yake vitani. Akatia pua ya fedha ikatoa uvundo, na Mtume (S.A.W.) akamwamrisha atie ya dhahabu. Kwa hivyo aliyeungua kwa mafuta ya jiko, au mwenye kovu la ajali, hana lawama akitafuta dawa, hata ikiwa dawa yenyewe ni leza. Bali makunyanzi ya umri si maradhi. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa, lililokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, lilikata kwamba haijuzu kuyaondoa kwa upasuaji wala kwa sindano, ila yawe ni hali ya ugonjwa na pasiwe na madhara. Nasi twaona kuchoma kwa leza kwa nia hiyo ni katika mlango huo huo.

Wala asije mtu akadhani dini yachukia pambo. Abu Kuhafa, babake Abubakar, alipoletwa siku ya kufunguliwa Makka na kichwa cheupe, Mtume (S.A.W.) aliamrisha mvi zake zigeuzwe rangi, isipokuwa nyeusi. Hina, wanja na mafuta mazuri ni halali ya mama huyu. Ila asikimbilie krimu za kujichubua zenye zebaki na haidrokwinoni. Hizo Shirika la Viwango la Kenya limezipiga marufuku, na bado zauzwa kwa siri.

Sasa twamgeukia mume. Mama huyu hakuuchukia uso wake mpaka alipofundishwa kuuchukia. Amemzalia, amemlimia, amekaa motoni na juani kwa ajili yake, kisha bwana huyu amkejeli kwa alama za kazi hiyo hiyo! Yeye mwenyewe je, hana mvi? Kuoa mke wa pili kuna masharti yake, na la kwanza ni uadilifu. Wala hatuoni uadilifu kwa mtu anayemdhalilisha mkewe mbele ya watoto wake. Twamwomba aje darasani siku ya Ijumaa baada ya Alasiri, nasi hatutamtaja mbele za watu.

Na mama twamwambia asiuze ng'ombe wake. Tena ni mali yake, si ya mumewe. Asimpe bwana huyo hata mmoja wa kuolea.