Kutunza Kisicho Chako

Katika vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, sanduku la fedha hufungwa kwa kufuli tatu na funguo zake hukaa kwa watu watatu. Anayelala na sanduku nyumbani, mara nyingi mama anayeaminiwa na mtaa mzima, hana ufunguo hata mmoja. Siku ya kikao swali ni moja tu: kilichowekwa kipo? Kikiwepo, amana imetimia, watu wanapiga makofi.

Mimi naliona swali hilo dogo. Aliyenifanya nilione hivyo ni mwanamke wa Texas, Marekani, Ann Richards, aliyekuwa mwalimu wa shule, kisha kamishna wa Kaunti ya Travis, kisha, kwa uchaguzi wa 1982, mweka hazina wa jimbo. Mwanamke wa mwisho kushinda kura za Texas nzima kabla yake alikuwa Miriam Ferguson, mwaka 1932, naye aliingia ulingoni kwa sababu mumewe, gavana aliyeondolewa madarakani, alikuwa amezuiwa kugombea. Katikati hapo ilipita miaka 50.

Kazi aliyoiomba Richards haikuwa na fahari. Bajeti ilipangwa na Bunge, kodi kubwa kubwa zilikusanywa na Mdhibiti wa Hesabu. Mweka hazina alipokea, akatunza, akalipa. Mtangulizi wake alikuwa na kesi ya matumizi mabaya ya ofisi, kwa hiyo ingetosha kuahidi kwamba yeye hataiba. Wangapi wamechaguliwa kwa ahadi hiyo na hawakuwahi kudaiwa nyingine!

Alichokifanya ni kuhesabu siku. Hundi za jimbo zilikuwa zikichelewa kufika benki kwa sababu zilishughulikiwa kwa taratibu za kizamani, na hundi iliyolala mezani haizai kitu. Chukua dola milioni 10 na riba ya asilimia 8 kwa mwaka: kila siku zinapochelewa, zaidi ya dola 2,000 zimekwenda. Hakuna aliyeziiba, hakuna mkaguzi atakayemkamata mtu nazo, na sanduku likifunguliwa kila senti ipo. Richards alileta mashine na kompyuta, akaharakisha fedha kufika benki, jimbo likaanza kupata mapato ambayo hayakutoka kwenye kodi ya mtu yeyote.

(Riba yenyewe ina mjadala wake, na Texas si Lamu. Lakini hata fiqhi inalijua jambo hili. Anayewekewa amana ya kawaida hatakiwi kuigusa. Msimamizi wa mali ya yatima, kwa wosia unaonasibishwa na Khalifa Umar, anahimizwa aifanyie biashara isije ikaliwa na zaka.) Mali ya umma naiweka upande wa yatima. Mwenyewe hayupo kusimama dirishani kuuliza imekuwaje, na muda ni sehemu ya mali yake.

Hapo pana mtego kwa wanawake. Tunawasifu kuwa ni waaminifu wa fedha, tunawapa sanduku, halafu uamuzi wa fedha ziende wapi tunabaki nao sisi. Richards aliukwepa: 1990 alishinda ugavana. Ofisi ya hazina ikaenda kwa Kay Bailey Hutchison, na yeye alipoingia Seneti mwaka 1993, Richards akamteua Martha Whitehead, aliyewahi kuwa meya wa Longview. Wanawake watatu mfululizo, sanduku lile lile.

Whitehead ndiye anayenisumbua zaidi. Mwaka 1994 aligombea akiahidi jambo ambalo mwanasiasa haahidi: kuifuta ofisi aliyokuwa akiiomba, kwa hoja kwamba kazi yake ingeweza kufanywa na Mdhibiti wa Hesabu kwa gharama ndogo. Akashinda. Novemba 1995 wananchi wakapiga kura kuifuta, na 1996 ikafungwa. Kama cheo nacho ni amana, basi huyu alikirudisha kwa wenyewe kabla hawajamdai, na simjui waziri wa kwetu aliyewahi kufanya hivyo.

Hata hivyo nasita kupiga makofi. Akina mama wa vikundi hawakuweka kufuli tatu kwa kuwa wanashukiana; waliziweka ili uaminifu wa mmoja usiwe ndio ulinzi pekee. Whitehead aliiondoa gharama, na pamoja nayo akauondoa ufunguo mmoja. Anayekusanya Texas sasa ndiye anayetunza. Kiti hicho cha Mdhibiti wa Hesabu kilikaliwa na mwanamke kwa mara ya kwanza mwaka 1999, Carole Keeton Rylander, akiwa na madaraka juu ya fedha ambayo Richards, alipokuwa mweka hazina, hakuwahi kuwa nayo. Kwa mama aliyeachiwa sanduku hayo ni maendeleo. Kwa sanduku lenyewe, mimi ningezibakiza kufuli zote.