Kitabu cha Kutisha na Mkono wa Msomaji

Sisi wakazi wa Mapinga, kando ya njia iendayo Bagamoyo, twahifadhi sandukuni hadithi za kutisha za miaka iliyopita. Tukithaminicho zaidi ni Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja kilichotoka mwaka 1960. Wako wasemao kwamba vitabu vya namna hii hulea ushirikina. Je, hiki wamekisoma? Maiti yaonekana mzimuni, watu waingiwa na hofu, kisha Bwana Msa aanza kuuliza maswali.

Lililo gumu kwetu ni jingine: tukikiazimisha, kurasa zapukutika, tukikificha, twamhifadhia nani? Hewa ya chumvi haingoji jibu, wala mchwa. Mwezi uliopita tulimwazima kijana mmoja. Kimerudi bila jalada, naye sasa aomba Kisima cha Giningi cha 1968, ambacho nakala yetu ni moja tu.