Taa ya Kuonea na Taa ya Kuonekana



Je, mji humkosea Mungu kwa kujenga majumba marefu na kuyawashia taa usiku kucha? Swali hili laweza kuonekana la mbali kwetu sisi wa Endagikot, ambao nyumba zetu nyingi hazina ghorofa hata moja. Lakini watoto wetu wako Dar es Salaam na Arusha, na baadhi yao ni walinzi wa usiku na wafagizi katika majumba hayo hayo. Wakirudi nyumbani kwa Krismasi hutuonyesha picha za mji ung'aao usiku, nasi wazee hujibu upesi: "Huo ni Babeli." Yafaa tulipime neno hilo kabla ya kulitamka tena, maana twaweza kuwahukumu watu wasiostahili hukumu, na kujisifu kwa jambo lisilo na sifa.

Tuanze na Dar es Salaam. Zamani, mtu aliyeingia bandarini kwa meli aliona minara ya makanisa mawili ikiwa juu ya paa zote: Kanisa la Kilutheri la Azania Front, na Kanisa Kuu la Kikatoliki la Mtakatifu Yosefu. Minara hiyo ingalipo, lakini imekuwa kama watoto waliosimama kati ya watu wazima. Karibu nayo yamesimama majengo pacha yaliyojengwa na Mfuko wa Pensheni wa Watumishi wa Umma, na jengo la Mamlaka ya Bandari. Kila moja lina zaidi ya ghorofa 30, na yote yalikamilika baada ya mwaka 2010. Usiku, mtu akiutazama mji kutoka Kigamboni, huziona kwanza taa za majumba hayo.

Mkristo akiona hivyo huingiwa na uchungu. Husema kwamba fedha imepandishwa juu na nyumba ya Mungu imeshushwa. Lakini tukumbuke kwamba makanisa yale mawili yalijengwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa utawala wa Wajerumani. Minara yake ilitangaza Injili, lakini urefu wake ulitangaza pia ni nani aliyeshika nchi. Mwafrika aliyepita chini yake aliyasikia matangazo yote mawili.

Wala sisi Waanglikana hatuna ruhusa ya kuwacheka wengine. Huko Unguja, Sultani Barghash alijenga jumba la Beit al-Ajaib mwaka 1883, nalo likawa refu kuliko yote mjini. Baadaye likawa la kwanza kisiwani kuwa na taa za umeme. Si mbali nalo, pale Mkunazini, lilisimama soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na Askofu Edward Steere akajenga hapo kanisa letu kuu. Wenyeji husimulia kwamba Sultani alitoa saa ya mnara wa kanisa kwa sharti moja: mnara usizidi kimo cha jumba lake. Iwe ilikuwa hivyo hasa au la, masimulizi hayo yanatufundisha jinsi wakubwa walivyopimana kwa urefu wa majengo. Hata hivyo, Mkristo anayeingia Mkunazini leo haendi kupima mnara. Huenda kwa sababu madhabahu yasimama mahali ambapo, kwa mapokeo, palikuwa na mti wa kuwachapia watumwa. Heshima ya kanisa lile imo katika mahali lilipojengwa na kwa ajili ya nani. Na jumba la Sultani? Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake moja iliporomoka, watu wawili wakafa.

Basi, ikiwa urefu peke yake hautoshi kuwa sifa, je, ufupi ni sifa? Hapa kwetu Mbulu, wazee wa Kiiraqw walikuwa wakichimba ubavu wa kilima na kujenga nyumba iliyoingia ardhini, paa lake likiwa la udongo, hata mgeni angeweza kupita karibu asiione. Wapo wanaopenda kusema kwamba huo ulikuwa unyenyekevu. Wazee wenyewe walisema ilikuwa kwa ajili ya vita vya kunyang'anyana ng'ombe. Walijificha ili waishi. Ilikuwa hekima, lakini ilitokana na hofu. Vivyo hivyo giza si utakatifu. Mama anayejifungua kwa mwanga wa kibatari hana baraka zaidi ya yule anayejifungua chini ya taa ya umeme. Tusiwasifu watu kwa kukosa kitu ambacho wangekipokea kwa furaha.

Kwa hiyo mimi naona kipimo cha kweli ni kingine. Kuna taa ya kuonea, na kuna taa ya kuonekana. Taa ya kuonea humulika njia, kitanda cha mgonjwa, kitabu cha mwanafunzi, meza ya mama auzaye samaki usiku. Taa ya kuonekana humulika jina la mwenye jengo tu. Na majengo ni hivyo hivyo: kuna ghorofa la kukaa watu, na kuna ghorofa la kutazamwa. Dubai kuna jengo liitwalo Burj Khalifa, lililofunguliwa mwaka 2010, lenye kimo cha mita 828. Katika hizo, zaidi ya mita 200 za juu hazina sakafu ya kukaa mtu. Zimewekwa ili jengo liwe refu.

Hata viumbe vya Mungu hulipa gharama ya taa za namna hiyo. Ndege wasafirio usiku huvutwa na mwanga wa majumba marefu, wakayagonga au wakapoteza njia. Watoto wa kasa wakitoka mchangani huifuata nuru, maana tangu mwanzo nuru iliyo chini ufukweni ilikuwa ni ya bahari. Pakiwa na taa kali upande wa nchi kavu, huelekea huko na kufa.

Lakini mtu aweza kunijibu: mbona mnara wa taa wa Chumbe, uliojengwa mwaka 1904, kazi yake yote ni kuonekana? Jibu hilo ni la haki, na latupasa tuliongezee kipimo chetu. Mnara wa Chumbe huonekana ili baharia aijue njia yake. Baharia hausifu mnara. Huusahau akifika salama. Bwana wetu naye aliposema juu ya mji ulio mlimani na taa iliyo juu ya kinara, hakukataza kuonekana. Alisema taa iwaangaze wote waliomo nyumbani, na watu wakiyaona matendo mema wamtukuze Baba. Basi tuulize hivi: anayeiona taa hii, anapata nini?

Tukiuliza hivyo, majumba ya Dar es Salaam hayatajibu kwa sauti moja. Majengo pacha yale yalijengwa kwa akiba ya watumishi wa umma. Mwalimu wa Mbulu aliyekatwa mshahara wake kila mwezi ana tofali lake mle. Mfuko huo uliunganishwa na mifuko mingine mwaka 2018, lakini deni kwa mwalimu ni lile lile. Ikiwa kodi ya vyumba inamrudia akiwa mzee, jengo hilo lamtumikia, hata kama hatalipanda kamwe. Ikiwa hairudi, taa zake zote hazimwangazii yeye.

Na kuna jambo zito zaidi. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine liliporomoka Kariakoo, likaua watu zaidi ya 20. Sisemi juu ya sababu. Hiyo ni kazi ya wataalamu na mahakama. Nasema tu kwamba msingi na nguzo havionekani kutoka mbali, wala hakuna anayeviwashia taa. Mji unaopenda mno kuonekana huingia katika jaribu la kuyasahau yale yasiyoonekana. Na katika hayo yasiyoonekana wamo fundi aliye juu ya jukwaa la miti, na kijana wetu anayelinda mlango hadi alfajiri.

Ndugu zangu, kipimo hiki hakikuwekwa kwa ajili ya Dar es Salaam peke yake. Siku itafika ambapo mtaa wetu utataka kujenga mnara wa kengele, au kuweka msalaba wa taa za umeme juu ya paa ili uonekane hata ng'ambo ya bonde. Sipingi. Lakini kabla ya kuchanga, tutembee usiku njia ambayo mama zetu huipita kwenda zahanati, tuone kama ina taa. Tumtembelee mjane tuone kama mwanawe ana mwanga wa kusomea. Tukiisha kuwasha taa hizo, basi na tuuwashe msalaba, na kila autazamaye atajua maana yake bila kuambiwa.

Na mtoto wako akikuonyesha picha ya mji wa usiku, usimwambie neno la Babeli kwanza. Muulize ni dirisha lipi alikokuwa akifanya kazi, na kama alilipwa.

Mungu atujalie nuru ya kuwaonea wenzetu. Amina.