Mshipi Uliolegea



Liko swali linalotusumbua kila tusikiapo kwamba jirani alikuwa katika shida kubwa, nasi hatukujua: je, mtu aweza kuwa na hatia kwa jambo asilolijua? Wengi hujibu upesi, "Hakuniambia." Jibu hilo lina haki ndani yake, maana hakuna mwanadamu asomaye mioyo. Lakini yafaa tulipime kabla ya kulikubali, na mizani ya kulipimia tunayo hapa hapa Babati, kando ya ziwa letu.

Mtu anayeanza kuvua kwa ndoana hudhani kwamba samaki akishika chambo atavuta kwa nguvu na boya litazama. Kambale mwenye njaa aghalabu hufanya hivyo. Perege sivyo. Samaki hana mikono ya kupapasia, basi hujaribu chakula kwa kinywa. Hupanua kinywa na mashavu, maji yakaingia pamoja na chambo, na akihisi kitu kigumu hukitema papo hapo. Aliye ukingoni haoni mvuto wowote. Labda ataona boya limeinuka kidogo badala ya kuzama, au limetulia wakati mawimbi yanalisukuma, au limekwenda kinyume cha upepo.

Katika mito ya milima ya Aberdare, nchini Kenya, wako samaki waitwao trauti, walioletwa kutoka Uskoti mwaka 1905. Wako wanaowavua kwa ndoana iliyofungwa nyuzi na manyoya mfano wa mdudu mchanga wa majini, na kuiacha ichukuliwe na mkondo chini ya maji. Uvuvi huo ulienezwa na G. E. M. Skues, mwanasheria wa London, aliyeandika kitabu juu yake mwaka 1910. Mara nyingi mvuvi wa namna hiyo haoni samaki wala ndoana. Hutazama mshipi pale unapoingia majini. Maji yakiendelea na mshipi ukasimama, huinua ufito wake. Hakuvutwa, ila kilichopaswa kwenda kimesimama.

Hapo tunajifunza mambo mawili. Kwanza, ishara ndogo huonekana na yule tu aijuaye hali ya kawaida. Asiyejua mwendo wa maji hawezi kujua kwamba mshipi umesimama. Pili, mshipi ukilegea, samaki aweza kushika na kutema, na habari isiufikie mkono kamwe. Ishara ilitolewa, lakini ikapotea njiani.

Ndivyo ilivyo kwa wanadamu. Mwenye shida kubwa aghalabu hapigi kelele. Mtoto aliyezoea kuinua mkono darasani huanza kutazama dawati. Mwalimu anayemjua huuliza, na pengine hugundua kwamba nyumbani mama ni mgonjwa na mtoto amelala njaa. Mjane aliyekuwa akiketi mbele kanisani siku hizi huketi karibu na mlango, akatoka kabla ya sadaka kukusanywa. Hajasema neno, lakini amesema. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Katika Luka sura ya 8 tunasoma habari za mwanamke aliyeugua miaka 12, akagusa pindo la vazi la Bwana katikati ya msongamano. Watu wengi walikuwa wakimsukuma, na wanafunzi walishangaa aliposema kwamba ameguswa. Yeye alitambua mguso mmoja kati ya misukumo mingi, akasimama, ingawa alikuwa njiani kwenda kwa binti mahututi. Tena katika Mathayo sura ya 25, wale wa mkono wa kushoto wanajitetea kwamba hawakumwona Bwana akiwa na njaa wala uchi. Huenda wanasema kweli. Hata hivyo utetezi wao haukupokewa.

Basi jibu langu ni hili. Hatuhukumiwi kwa udogo wa ishara, wala kwa giza la maji. Tutaulizwa juu ya mshipi: je, tuliushika ukiwa umenyooka, au tuliuacha ulegee tukiwa tumeshughulika na mengine? Asemaye "hakuniambia" yampasa ajiulize pia, "Je, nilikuwa karibu kiasi cha kuambiwa?"

Mtu atasema kwamba mafundisho haya yatazaa wachunguzi wa mambo ya watu. Hofu hiyo ni ya haki. Mvuvi anayeruka kila boya likitikisika hunasa majani, na huwafukuza samaki. Lakini mvuvi mzoefu hafanyi fujo. Huinua ufito taratibu, na asipokuta kitu huurudisha majini, bila hasara. Nasi tuulize hivyo hivyo: kwa upole, faraghani, kwa nia ya kusaidia na si ya kupata la kusimulia. Akijibu kwamba ni mzima, tumshukuru Mungu, tumwache na heshima yake, na tuendelee kuwa karibu.

Jumapili hii, kabla ya kutoka kanisani, tutazame ni nani amebadili kiti, na ni nani hayupo. Kisha tupite nyumbani kwake kumjulia hali.

Bwana atujalie macho ya kuona na mikono isiyolegea. Amina.