MOSHI WA JIKONI NA UPENDO WA BABA

Baba Mkristo huona fahari kuiezeka nyumba yake bati jipya. Lakini jiko li wapi? Huko Ngara na Biharamulo, kama katika vijiji vingi vya nchi yetu, mara nyingi ni kibanda cheusi kisicho na dirisha. Humo mama huyainamia mafiga matatu, mtoto mgongoni, akingojea maharagwe yaive.

Moshi huo si jambo dogo. Shirika la Afya Ulimwenguni lakadiria ya kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2. Huleta nimonia kwa watoto, maradhi ya moyo na mapafu, na mtoto wa jicho. Tena hutenda kwa siri. Katika chembe hai za mwili zimo nyuzi za urithi, na ncha zake huzilinda kama pindo lizuiavyo mkeka usifumuke. Ncha hizo hufupika kadiri umri usongavyo, na sumu kama za moshi zaweza kuharakisha kufupika huko. Mama huzeeka kabla ya siku zake, nasi twasema tu, “Amechoka.”

Kuni nazo zimekwenda mbali. Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walikimbilia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Nao walihitaji kupika, misitu ikakatwa.

Mtume Paulo awafundisha waume kuwapenda wake zao kama miili yao wenyewe. Je, yuko mtu aufungiaye mwili wake moshini? Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa kuwafikishia nishati safi ya kupikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Ni vema, lakini kuujaza mtungi wa gesi ni gharama, na wengi hawauwezi bado. Basi tuanze na tuwezayo. Baba, toboa dirisha, jenga jiko la udongo lenye bomba la kutolea moshi, kausha kuni. Maharagwe na yalowekwe usiku kucha, chungu kifunikwe, mtoto akae nje. Na mwenye kuuza ng’ombe akumbuke gesi kabla ya pikipiki.

Bwana wetu mfufuka aliwaandalia wanafunzi wake samaki juu ya moto wa makaa, ufukoni mwa ziwa. Ikiwa Yeye hakuionea aibu kazi ya jikoni, sisi ni nani hata tuone haya kuingia humo, tukaonje moshi ambao wake zetu na mama zetu huuvuta kila siku?