Andika Jina la Mama wa Babu Yako Leo

Ndugu yangu wa Mutuka, Babati, usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022 ulihesabiwa. Karani alifika na kishikwambi chake, akauliza mkuu wa kaya ni nani, kila mmoja ana uhusiano gani naye, ana umri gani. Ukaingia katika hesabu ya watu 1,892,502 wa Mkoa wa Manyara. Sasa nikuulize ambalo karani hakuuliza: bibi yako mzaa baba, baba yake aliitwa nani? Na mama yake je?

Kama umenyamaza, makala hii ni yako.

Januari 2022 Waingereza walifunguliwa madaftari ya sensa yao ya 1921. Aprili mwaka huohuo Wamarekani wakafunguliwa ya 1950. Mjukuu wa huko anafungua ukurasa, anamkuta babu yake mtoto wa miaka minne, na juu ya jina lake yameandikwa majina ya wazazi wake. Kazi imekwisha kabla chai haijapoa.

Wewe usisubiri ukurasa wa namna hiyo. Sensa za Waafrika wa Tanganyika za 1921 na 1931 zilipita kwa machifu na majumbe, zikakusanya hesabu ya vichwa. Ile ya 1967, ya kwanza baada ya Uhuru, ilitupatia watu 12,313,469, na taarifa za mtu mmoja mmoja sheria inazifanya siri. Mlango huo umefungwa. Lakini maswali ya karani hayana kufuli. Yachukue, uingie nayo kazini.

Swali la kwanza: alizaliwa lini? Bibi atakwambia hajui mwaka. Hata karani wa sensa hukutana na jibu hilo, ndiyo maana hutembea na orodha ya matukio. Nawe tengeneza yako. Alikuwa ameshaolewa wakati wa Uhuru, 1961? Watu walipohamishiwa vijijini mwaka 1974, alikuwa na watoto wangapi? Mwanawe mkubwa alikuwa na umri gani vita ya Kagera ilipoanza mwaka 1978? Matukio matatu yanatosha kukupa mwaka wa kukisia, na mwaka huo ndio utakaokuongoza kwenye daftari la kufungua.

Swali la pili: aliishi kaya ya nani? Hapa ndipo wengi huteleza. Mkuu wa kaya si lazima awe baba mzazi. Kwetu baba mdogo ni baba, na mtoto wa marehemu hulelewa kwa mjomba akakua akimwita baba. Mke aliyekuwa ndani si lazima awe mama mzazi. Huenda ni mke mwenza. Kwa hiyo usiulize "baba yako nani" ukaondoka. Uliza: nani alikuzaa, nani alikulea, ulikuwa nyumba ya mke mkubwa au mdogo? Kisha uliza swali ambalo wazee hulijibu upesi: mahari yako, ng'ombe walikwenda kwa nani? Aliyewapokea ni baba, au ni mtu aliyesimama mahali pa baba, na huyo naye huenda ana watoto walio hai Galapo, Bonga au Dareda.

Swali la tatu: imeandikwa wapi? Hapa hatuko maskini kama tunavyodhani. Daftari la ubatizo la parokia huandika mtoto, baba, mama na msimamizi. Kama la bibi halionekani, tafuta la mdogo wake wa baba mmoja na mama mmoja, maana wazazi ni walewale. Daftari la ndoa nalo litazame. Kwa Waislamu, cheti cha ndoa humtaja bibi harusi kwa jina la baba yake na kumtaja walii wake. Mahakama ya Mwanzo ina mafaili ya mirathi, na ndani yake kuna muhtasari wa kikao cha ukoo, warithi wameandikwa mmoja mmoja. Na Dar es Salaam, katika Nyaraka za Taifa, kuna vitabu vya wilaya vya enzi ya Mwingereza. Tafuta cha Mbulu, kwa sababu Babati ilikuwa chini ya Mbulu siku hizo.

Ushahidi mmoja usikutoshe. Shangazi akisema jina, na daftari likasema hilohilo, andika. Wakipingana, andika yote mawili, na nani alisema lipi, kisha endelea kutafuta.

Upande wa baba una nafuu. Majina yetu matatu yamembeba baba na babu, hata kitambulisho chako kinawataja. Anayepotea ni mama. Hana nafasi katika majina matatu. Alihama kwao, akaitwa mama fulani mpaka jina lake likasahaulika na wajukuu wake mwenyewe. Anza na yeye.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na ukoo ni mali. Usiseme huna muda. Muda wa kufuatilia mechi ya Simba na Yanga unao. Usiseme wazee wamekwisha. Hao waliobaki ndio sababu ya kuharakisha. Mzee akizikwa leo pale Mutuka, hakuna ofisi wala mtandao utakaokurudishia alichokijua.

Nunua daftari la kurasa mia. Jumapili hii nenda kwa mzee mkubwa kuliko wote katika ukoo wenu, mwamkie, kaa, sikiliza. Usirudi nyumbani bila jina la mama wa babu yako, na la mama yake.