Daftari Lisilo Mahakama

Dini nyingi humtaka mtu aikague siku yake kabla ya kulala. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga kitabu kizima ndani ya Ihya, kazi yake kubwa, kwa ajili ya muhasaba wa nafsi, yaani mtu kujihesabu mwenyewe. Ignatius wa Loyola, katika karne ya 16, aliagiza mtu atie alama kwenye karatasi kila aliporudia kosa lake. Je, kuandika daftari kila siku ni lazima kuwe kujishitaki? Naona si lazima, na ushahidi nautoa nyikani Serengeti. Tangu mwaka 1966, alipoanza mtafiti George Schaller, watafiti wa simba wameandika walichokiona tu: simba yupi, yuko wapi, ana watoto wangapi. Kurasa nyingi bila shaka zinachosha. Mwaka 1994 simba wakaanza kutetemeka na kufa kwa virusi vinavyowashika mbwa, na takriban theluthi moja wakatoweka. Hasara ilijulikana kwa kuwa kila simba aliyefuatiliwa alikuwa na kumbukumbu yake, na baadaye mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi wakachanjwa. Aliyeandika mwaka 1970 hakujua anaandika kwa ajili ya nini.

Nafsi nayo haijulikani kwa usiku mmoja. Mwenye mistari mitatu ya kila siku kwa mwaka mzima aweza kugundua kwamba hasira yake hupanda msimu wa karo, wala si kwa sababu jirani yake ni mbaya. Angejihukumu usiku uleule, angemtia hatiani asiyehusika, pengine yeye mwenyewe.

Wapo watakaopinga. Mzee wa Kikurya atasema kumbukumbu hukaa kwa watu: vizazi vya Abasaai, Abachuma na Abamaina vimehesabiwa bila karatasi, na ritongo, baraza la jamii, hukumbuka nani alisema nini. Ni kweli, ila ritongo hukumbuka lililogusa jamii. Jumanne ya mama anayepalilia mahindi kijijini Nyamwaga haina mtunzaji. Muumini naye atauliza, malaika wanaandika, mimi niandike ya nini? Kitabu chao kitafunguliwa Siku ya Kiyama. Cha kwangu naweza kukifungua kesho asubuhi, wakati bado kuna la kurekebisha. Pingamizi zito zaidi ni hili: daftari lisilohukumu litakuwa mto wa kulalia dhambi. Hapo nakubali nusu. Hukumu lazima ije, lakini isitolewe na mtu aliyechoka, usiku, kwa ushahidi wa siku moja. Mwisho wa mwezi unatosha, kurasa thelathini zikiwa mbele yake.

Na zikiwa ishirini? Masika hufunga njia za Serengeti, na kumbukumbu za simba hazikufa kwa siku zilizorukwa. Wengi huacha daftari kwa sababu wamelifanya deni. Ukikosa siku tano, usizilipe. Andika tarehe ya leo na mistari miwili, ufunge, ulale.